Mjinga Akierevuka: Lugha na Mamlaka katika Born Yesterday, 1946–1952

Utangulizi

Tarehe 4 Februari 1946, miezi michache baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, tamthilia ya Garson Kanin iitwayo Born Yesterday ilianza kuchezwa katika Ukumbi wa Lyceum, mjini New York. Iliendelea hata siku ya mwisho ya mwaka 1949, ikawa imechezwa mara 1,642. Mwezi wa Desemba 1950 kampuni ya Columbia ilitoa filamu iliyotokana na tamthilia hiyo, chini ya uongozi wa George Cukor. Na mwezi wa Machi 1951 Judy Holliday, aliyemwigiza Billie Dawn jukwaani na katika filamu, alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Machi 1952, mwigizaji huyohuyo aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani, akiulizwa maswali juu ya uaminifu wake kwa nchi yake.

Mambo haya matatu, yaani mchezo, filamu na mahojiano, aghalabu huelezwa mbalimbali. Wahakiki wa sanaa huizungumzia filamu kama ramsa ya mapenzi. Wanahistoria huyataja mahojiano kama tukio dogo katika historia ya hofu ya ukomunisti. Makala haya yanakusudia kuyatazama kwa pamoja, kwa kuwa yote yanahusu swali moja: hutokea nini pale mtu aliyedhaniwa kuwa hajui kitu anapoanza kuyaelewa maneno yanayotumiwa kumtawala? Wahenga wa Kiswahili walikwisha kulijibu swali hilo kwa maneno machache: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Itaonyeshwa kwamba tamthilia ya Kanin ni ufafanuzi wa methali hiyo, na kwamba historia iliongeza jambo ambalo tamthilia haikulisema: mwerevu akiisha kuingia mashakani humwandama yule aliyeerevuka, na huyu aweza kulazimika kuuvaa ujinga wake upya ili aokoke.

Tamthilia na Wakati Wake

Garson Kanin (1912–1999) hakuwa mgeni katika kazi hii. Kabla ya vita alikwisha kuongoza filamu kadhaa huko Hollywood, na wakati wa vita, akiwa jeshini, alishirikiana na Mwingereza Carol Reed kutengeneza The True Glory (1945), filamu iliyoeleza jinsi majeshi ya washirika yalivyoikomboa Ulaya ya magharibi. Hivyo Born Yesterday ni kazi ya mtu aliyetoka vitani, akautazama mji mkuu wa nchi yake, akauliza ni nani hasa atakayekula matunda ya ushindi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Harry Brock ni tajiri wa vyuma vikuukuu aliyeanza utotoni kwa kuokota na kuiba. Amefika Washington kwa shabaha moja: kumnunua mtunga sheria, ili vizuizi vya serikali viondolewe naye apate kuzoa vyuma vilivyotapakaa Ulaya baada ya vita. Amefuatana na wakili wake, Devery, na kimada wake, Billie Dawn, ambaye zamani alikuwa msichana wa kuimba na kucheza jukwaani nyuma ya waimbaji wakuu. Ili mambo yake yasijulikane, Brock ameandikisha sehemu kubwa ya mali yake kwa jina la Billie. Naye Billie hutia sahihi kila karatasi anayowekewa mezani bila kuisoma. Hataki kujua, wala hakuna anayetaka ajue.

Matata yanaanza pale Brock anapoona haya. Billie hajui kuzungumza na wake za wakubwa. Brock anamwajiri mwandishi wa magazeti, Paul Verrall, amfundishe mambo mawili matatu ya kustaarabika. Verrall anampa magazeti, vitabu na kamusi. Anamwambia achore mstari chini ya kila neno asilolielewa, kisha aulize. Billie anasoma, anauliza, na siku moja anaisoma karatasi aliyoambiwa aitie sahihi. Anakataa. Brock anampiga. Lakini kofi haliwezi kuyafuta maneno yaliyokwisha kuingia kichwani, na mwishoni Brock anajikuta amenaswa katika wavu wake mwenyewe: kisheria mali ni ya Billie, naye atairudisha kidogo kidogo, mradi Brock awe na adabu.

Jina la mchezo lenyewe lastahili kuangaliwa. Kiingereza, kama Kiswahili, kina usemi wa kukanusha wa mtu anayekataa kudanganywa: mimi sikuzaliwa jana. Kanin ameondoa ukanushi, akabakiza kuzaliwa na jana. Kwa maana ya kwanza, aliyezaliwa jana ni mtu wa kudanganywa. Kwa maana ya pili, ni mtu aliyeingia ulimwenguni karibuni, ambaye kila kitu kwake ni kipya. Mchezo mzima ni safari kutoka maana ya kwanza hadi ya pili.

Hapa Kiswahili kinatoa msaada ambao Kiingereza hakina. Sisi hutofautisha mjinga na mpumbavu. Mjinga ni yule asiyejua, akielezwa, atajua. Mpumbavu ni yule ambaye hata akielezwa haimfai kitu. Wazee wa pwani walilitumia neno mjinga hata kwa mgeni aliyeingia mjini karibuni, asiyezizoea bado desturi za mahali. Kosa la Brock ni kosa la istilahi: amemwita mpumbavu mtu ambaye ni mjinga tu. Amejenga utajiri wake juu ya kosa hilo, na kwa kosa hilo anaanguka.

Matamshi na Maana

Msomaji wa tamthilia za Kiingereza hatakosa kuukumbuka Pygmalion wa Bernard Shaw, mchezo uliochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na kutengenezwa filamu mwaka 1938. Huko pia mwanamke wa tabaka la chini anafunzwa na mwanamume aliyesoma. Walakini tofauti ya michezo hii miwili ni kubwa, na ni tofauti inayomhusu mwanaisimu moja kwa moja.

Mwalimu wa Shaw ni mtaalamu wa fonetiki. Anachombadilishia Eliza Doolittle ni irabu na konsonanti. Jamii ya London inamhukumu mtu kwa sauti zake, na anayeweza kuzibadili sauti hizo aweza kupita popote. Billie Dawn, kwa upande wake, habadilishwi matamshi hata kidogo. Sauti aliyoitoa Holliday, nyembamba, ya puani na ya mitaa ya New York, ni ileile tangu tukio la kwanza hadi la mwisho. Verrall hajaribu hata mara moja kuinyoosha. Kinachobadilika ni msamiati, na pamoja na msamiati, namna ya kuuliza. Mwanzoni Billie hutumia maneno kukatiza mazungumzo. Baadaye anayatumia kuyafungua. Anajifunza neno la kumwelezea mtu asiyejali wengine, na mara moja analitumia kumpima Brock. Neno jipya kwake si pambo, ni kipimo.

Kwa hiyo michezo hii miwili ina nadharia mbili za lugha. Kwa Shaw, lugha ni alama ya tabaka, na uovu wa jamii ni kuithamini alama kuliko mtu. Kwa Kanin, lugha ni chombo cha kutambua, na uovu wa wenye nguvu ni kuwanyima wengine chombo hicho. Eliza akimaliza masomo anasikika kama mtu mwingine. Billie akimaliza masomo anasikika vilevile, lakini hasaini.

Watu Wanne mbele ya Maneno

Ingekuwa rahisi kuusoma mchezo huu kama sifa tupu kwa elimu. Kanin hakufanya hivyo, na ushahidi ni Devery, wakili. Katika wahusika wote, Devery ndiye aliyesoma kuliko wengine. Zamani alikuwa afisa mkubwa wa sheria serikalini. Anaujua kila msamiati wa katiba na kila mlango wa nyuma wa sheria, naye ameuza yote mawili. Hunywa pombe kwa sababu anayaelewa maneno anayoyauza. Elimu haikumwokoa, imemfanya tu aone vizuri zaidi jinsi alivyozama.

Tukiwapanga wahusika wakuu kwa uhusiano wao na lugha, tunapata mfumo ulio wazi. Brock ana nguvu bila maneno: anaposhindwa kueleza, hupiga kelele, na kelele zikishindwa, hupiga mkono. Devery ana maneno bila dhamiri. Verrall ana maneno na dhamiri, lakini hana nguvu. Makala zake husomwa na watu wachache waliokwisha kukubaliana naye. Billie peke yake ndiye anayetembea kutoka kona moja ya mfumo huu hadi nyingine. Anaanza akiwa hana maneno wala nguvu anayoijua, ingawa sahihi yake ndiyo nguzo ya himaya yote. Anamaliza akiwa na maneno, dhamiri na nguvu kwa pamoja. Mwalimu wake hakuwa nazo zote tatu.

Jambo hili laonyesha pia kwamba dhamiri ya Billie haikutoka vitabuni. Katikati ya mchezo anamweleza Verrall habari za baba yake, mfanyakazi mnyofu asiyekuwa na mali, aliyekataa kupokea chochote kutoka kwake kwa sababu ya maisha aliyoyachagua. Vitabu havikumfundisha Billie wema; vilimpa majina ya mambo aliyokwisha kuyajua nyumbani. Mwalimu yeyote aliyefundisha watu wazima kusoma atalitambua jambo hili. Mtu mzima haji darasani akiwa chombo kitupu.

Kukanusha Kuwili na Tatizo la Tafsiri

Karibu na mwisho kuna tukio ambalo wanaisimu wangefaa kulikumbuka kuliko yote. Brock, kwa hasira, anamtishia Billie kwamba hivi karibuni hataweza kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Analisema hilo kwa Kiingereza cha mitaani, akirundika ukanushi juu ya ukanushi. Ni tishio la kuua, na kila mtu chumbani anaelewa hivyo. Billie, badala ya kutetemeka, anashika kosa la kisarufi: amekanusha mara mbili! Kisha anamgeukia mwalimu wake ili apate kuthibitishiwa.

Watazamaji hucheka, nao wana haki. Lakini kicheko hiki kinaficha mambo matatu. Kwanza, akihesabu kwa makini, msikilizaji atagundua kwamba Brock hakukanusha mara mbili bali mara tatu. Mwanafunzi amelijua jina la kosa kabla ya kujua hesabu yake. Pili, kwa mtazamo wa historia ya lugha, Brock hana kosa la kimantiki. Chaucer alirundika ukanushi hivyohivyo, na Shakespeare pia. Ni sarufi za karne ya 18 zilizotangaza kwamba ukanushi mmoja huuvunja mwingine, na tangu hapo namna hiyo ya kusema ikawa alama ya mtu asiyesoma. Tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni hiyo ya tabaka la juu inatumiwa hapa dhidi ya mwenye fedha. Sarufi iliyotungwa kuwafungia mlango watu kama Billie imeangukia mikononi mwake, naye anaitumia kama ngao.

Mfasiri wa Kiswahili atakayelikabili tukio hili atakuwa na kazi. Katika Kiswahili, kukanusha mara mbili kwa hakika huleta uthibitisho: hakuna asiyejua maana yake ni kwamba wote wanajua. Kwa kawaida Waswahili hawarundiki ukanushi kwa maana ya mkazo kama afanyavyo Brock. Akifasiriwa neno kwa neno, Brock atakuwa anasema kinyume cha anachotishia, na tishio litageuka fumbo. Hapana budi, basi, kosa lingine litafutwe.

Njia iliyo karibu zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Brock wa Kiswahili angeweza kuvuruga ngeli, aseme maneno hii na kitabu yangu, na Billie akapaza sauti kutaja upatanisho. Kicheko kingepatikana. Hata hivyo maana ya kijamii ingehama. Katika miji ya Kenya, kuvuruga ngeli si alama ya tabaka la chini pekee. Wapo wakubwa wengi wa ofisini ambao Kiingereza chao ni safi na ngeli zao zimevurugika, wala hawaoni haya. Huko Marekani kosa la Brock linafichua alikotoka. Kwetu kosa kama hilo lingefichua jambo lingine: kwamba mwenye mamlaka hakuona haja ya kujifunza vizuri lugha ya wale anaowaamuru. Yumkini tafsiri ya namna hiyo ingekuwa kali kuliko mchezo wa asili.

Kutoka Chumbani hadi Mjini

Tamthilia yote hutokea ndani ya chumba kimoja cha fahari katika hoteli ya Washington. Ufinyu huo una maana: mji mkuu wa demokrasia unaonekana kwa dirisha tu, huku serikali ikinunuliwa ndani. Harry Cohn, mkuu wa Columbia, aliinunua haki ya kuitengeneza filamu kwa dola milioni moja, bei ambayo haikuwa imepata kulipwa kwa tamthilia. Hakutaka, hata hivyo, kumchukua Holliday. Aliona kwamba mwigizaji wa jukwaani, asiyekuwa na jina kubwa katika sinema, hawezi kuibeba filamu ya gharama hiyo.

Historia ya Holliday na nafasi hii ilikuwa imejirudia. Hata jukwaani hakuwa chaguo la kwanza. Nafasi ya Billie ilikuwa ya Jean Arthur, nyota wa sinema, ambaye alijitoa wakati mchezo ulipokuwa ungali ukijaribiwa katika miji mingine kabla ya kufika New York. Holliday alijifunza maneno yake yote kwa siku chache. Ili kumshawishi Cohn, Kanin na mkewe, Ruth Gordon, walimpatia Holliday sehemu nzuri katika Adam's Rib (1949), filamu waliyoiandika wao na kuongozwa na Cukor, pamoja na Katharine Hepburn na Spencer Tracy. Hila hiyo ilifaulu. Katika Born Yesterday Broderick Crawford alimwigiza Brock, na William Holden akawa Verrall. Kabla ya kupiga picha, Cukor aliwafanya waigizaji waucheze mchezo mbele ya watazamaji, ili wajue kicheko kitaangukia wapi.

Katika safari ya kutoka jukwaani hadi sinema, mambo mawili yalipunguzwa na moja likaongezwa. Lililopunguzwa kwanza ni ukweli juu ya maisha ya Billie na Brock. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizokuwa zikitekelezwa kwa ukali tangu 1934, hazikuruhusu kuonyesha wazi mwanamume na mwanamke wasiooana wakiishi pamoja. Lililopunguzwa pili ni cheo cha aliyenunuliwa: katika tamthilia ni seneta, katika filamu ameshushwa, akawa mbunge wa Baraza la Wawakilishi. Si neno dogo. Katika nchi ambayo sanaa ilikuwa imeanza kuchunguzwa na Bunge, hata rushwa ya kubuniwa ilipaswa kushuka ngazi moja.

Kilichoongezwa ni mji wenyewe. Cukor alimtoa Billie chumbani, akampeleka kwenye jengo la Bunge, kwenye mnara wa Jefferson, na kwenye Maktaba ya Kongresi, ambamo Azimio la Uhuru na Katiba vilikuwa vikihifadhiwa wakati huo, kabla ya kuhamishwa Desemba 1952. Billie anavaa miwani yake na kuyasoma maandishi ya waasisi. Kamusi imekuwa mji mzima.

Mhakiki wa Kiafrika hawezi kuyapita matukio haya bila kusita. Mji anaofundishwa Billie kuwa ni mji wa uhuru ulikuwa mji wa ubaguzi. Mwaka 1948 National Theatre, ukumbi mkuu wa michezo wa Washington, ulikoma kuonyesha tamthilia kwa sababu wenyewe hawakutaka kuwaruhusu Wamarekani weusi kuketi miongoni mwa watazamaji, na chama cha waigizaji kikakataa kucheza humo kwa masharti hayo. Haikuwa hadi Juni 1953 ambapo Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mikahawa ya mji huo haina haki ya kumkataa mteja kwa rangi yake. Naye Jefferson, ambaye maneno yake yamechongwa ukutani pale Billie aliposimama, alikuwa na watumwa. Filamu haisemi lolote juu ya haya. Billie amefundishwa kuuliza, lakini kamera haikumpeleka mahali ambapo swali gumu kuliko yote lingemjia. Huu ndio mpaka wa ukombozi wanaouonyesha Kanin na Cukor: unamtosha mtu mmoja aliyedanganywa, haujafika kwa umma uliofungiwa mlango.

Mwigizaji mbele ya Kamati

Pamoja na upole wake, filamu iliwatia wengine wasiwasi. Ilitoka katika mwaka mbaya. Tangu Oktoba 1947, kamati ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa imewaita watu wa Hollywood kujibu kama ni wakomunisti, na waandishi na waongozaji kumi waliokataa kujibu walihukumiwa kifungo. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy alianza kampeni yake. Mwezi wa Juni mwaka huohuo kilichapishwa Red Channels, kitabu kidogo kilichoorodhesha watu 151 wa redio, televisheni na sanaa waliotuhumiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Jina la Judy Holliday lilikuwamo. Filamu yake ilipotoka, walikuwako wapinzani wa ukomunisti walioiona kuwa ni fitina dhidi ya mfumo wa Marekani. Mchezo ambao kiini chake ni kwamba raia asome Katiba ya nchi yake ulishukiwa kuwa ni uasi.

Holliday, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Judith Tuvim, alizaliwa New York mwaka 1921. Hakufanana na Billie hata kidogo. Alikuwa msomaji hodari, mwenye akili kali, aliyeanza kazi yake pamoja na Betty Comden na Adolph Green katika kikundi cha maigizo ya dhihaka, The Revuers. Mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Pat McCarran, aliwekewa orodha ya vyama na hati ambazo jina lake lilitokea. Alitakiwa aeleze kwa nini aliunga mkono jambo hili na lile, na ni akina nani waliokuwa pamoja naye.

Hapo Judith Tuvim alimwita Billie Dawn amsaidie. Alijibu kwa namna ya mtu asiyeelewa vizuri anachoulizwa. Alikiri kwamba alikuwa mzembe, na hata mpumbavu kidogo; kwamba alilikopesha jina lake bila kupeleleza; kwamba sasa haungi mkono jambo lolote isipokuwa michango ya kupambana na maradhi. Wajumbe waliuliza, wakauliza tena, wakapotelea katika majibu yake. Hakumtaja mtu hata mmoja. Tarehe 10 Aprili, majuma mawili baadaye, Elia Kazan, mwongozaji aliyeheshimiwa kuliko wengi, aliketi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi akataja majina manane.

Tukio hili likilinganishwa na tamthilia, kinyume chake kinashangaza. Katika mchezo, mwanamke ambaye hutia sahihi bila kusoma anajifunza kusoma, na kwa kusoma anapata nguvu ya kukataa. Katika chumba cha kamati, mwanamke anayejua kusoma alilazimika kudai kwamba alitia sahihi bila kusoma, na kwa dai hilo akapata nguvu ya kukataa. Ujinga, ambao jukwaani ulikuwa minyororo, mbele ya Seneti ulikuwa kimbilio. Brock alimwita mjinga mpumbavu, akaangamia kwa kosa hilo. Maseneta walifanya kosa lilelile kwa mtu asiyekuwa hata mjinga, nao hawakugundua kwamba wamecheza sehemu ya Brock.

Isidhaniwe kwamba ulikuwa ushindi usio na gharama. Alizuiwa kwa muda katika redio na televisheni. Katika sinema aliendelea, na jukwaani alipata sifa kubwa kwa Bells Are Ringing (1956), ulioandikwa na rafiki zake Comden na Green. Lakini mwanamke mwenye akili kama yake alijulikana na umma hadi kifo chake, mwaka 1965, kama bingwa wa kuigiza wasio na akili. Tena alikuwa amelazimishwa kuyathibitisha hayo kwa kiapo.

Hitimisho

Mwaka 2012 Maktaba ya Kongresi iliiingiza Born Yesterday katika orodha ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa daima. Ni Maktaba ileile ambamo Billie alivaa miwani. Filamu mpya ya kisa hicho, iliyotengenezwa mwaka 1993, haikupata sifa ya ile ya kwanza. Sababu moja yaweza kuwa kwamba haikuwa na hatari nyuma yake. Filamu ya 1950 ilipouliza kama raia ana haki ya kuelewa anachotilia sahihi, halikuwa swali la darasani.

Uchunguzi huu unamfikisha msomaji kwenye jambo moja linalowahusu wote wanaofundisha lugha. Mara nyingi husemwa kwamba kumpa mtu lugha ni kumpa uhuru. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu. Kanin ameonyesha kwamba maneno humwezesha aliyedanganywa kukataa. Maisha ya Holliday yameonyesha kwamba anayejua maneno huweza kuandamwa kwa sababu hiyohiyo, na kwamba wakati mwingine umahiri mkubwa wa lugha ni kujua namna ya kuonekana huna. Watumwa, watumishi na watu waliotawaliwa wa nchi nyingi waliijua mbinu hiyo zamani sana. Ndiyo maana mabwana wao walijaza vitabu kwa malalamiko juu ya uzito wa akili zao.

Methali basi isomwe hadi mwisho wake. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Na mwerevu aliye mashakani ni hatari. Kazi ya mwalimu haiishi pale mwanafunzi anapoweza kusoma karatasi aliyowekewa mbele yake. Inabaki kujenga jamii ambamo mtu aliyeisoma karatasi hiyo, akakataa kuitia sahihi, hatahitaji kujifanya kwamba hakuielewa.